Bwana Kipimo na Mashimo Kumi na Tisa

Marehemu kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Bwana Kipimo, alizaliwa alfajiri ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ambako baba yetu alikuwa fundi bomba. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano. Mimi ninayesoma ni wa nne, na kati ya wote watano nimebaki peke yangu. Mama yetu, aliyekuwa mshonaji, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini hakuchelewa kuhesabu. Alipokuwa na miaka minne alichukua utepe wa mama wa kupimia nguo, akapima mlango, mbuzi wa jirani, na miguu ya babu akiwa amejilalia zake usingizi. Mama alimchapa, kisha akamkatia kipande cha utepe kiwe chake.

Kamati ya mazishi iliniomba ukurasa mmoja, tena mlaini. Niliwaambia wamtafute mwingine, wakasema hakuna mwingine anayejua tarehe. Basi tarehe ninazo, na mengine ninayo pia. Kwa muda wa miaka kumi na moja na miezi minane marehemu hakunisemesha. Tulikaa ua mmoja, tukachota maji kwenye bomba moja, na hakunisemesha. Nilichotaka ni anisamehe kabla hajafa, basi. Nimeandika kosa lilivyokuwa kwa sababu tangu juzi nimesikia maelezo matatu kule jikoni, na yote matatu ni ya uongo.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1961 na kumaliza mwaka 1967, kisha akasoma sekondari hadi kidato cha nne, mwaka 1971. Hakuwa mwanafunzi wa kutajwatajwa. Katika hesabu na jiografia alifanya vizuri, kwingine alipita kwa kupenya. Mwalimu wa jiografia aliwahi kumchapa kwa sababu alisimama darasani na kuuliza, kitabu kinaposema mto una kina kirefu, kirefu kiasi gani. Mwalimu alidhani anadhihakiwa. Marehemu alikuwa anauliza tu, na aliendelea kuuliza hivyo hivyo maisha yake yote, jambo lililowachosha watu wengi waliopo hapa. Mwaka 1973 alihitimu chuo cha maji kwa cheti cha upimaji.

Tarehe 1 Februari 1974 aliajiriwa na idara ya maji kuwa msoma kipimo. Kwa wasioijua kazi hiyo, ndani ya mto, chini kidogo ya daraja, umesimamishwa ubao mrefu wenye tarakimu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi marehemu alisimama mbele ya ubao huo, akasoma maji yamefika wapi, akaandika kwenye daftari. Ijumaa alileta daftari ofisini ili tarakimu za wiki zichapwe. Watu waliiona ni kazi ya kipuuzi, mtu mzima na akili zake kwenda kuangalia ubao. Aliifanya kwa miaka thelathini na tisa na alikosa siku kumi na nne tu, nyingi kwa sababu ya malaria na moja kwa sababu ya kumzika baba.

Tarehe 6 Julai 1977, pembeni ya tarakimu ya siku hiyo, aliandika: "1.38. Mnyama. Mkia mnene. Anakula kaa kwa mikono." Huyo alikuwa fisi maji wa kwanza kumwona kwa macho yake, na tangu siku hiyo pembe za madaftari yake zikawa na maandishi mengi kuliko katikati. Alijifunza peke yake. Alitufundisha na sisi, tupende tusipende. Kwamba jina tu ndilo la fisi, lakini kwa ukoo mnyama huyu ni jamaa wa nyegere na kicheche. Kwamba hupapasa chini ya mawe kwa vidole visivyo na kucha, kama mtu anayetafuta funguo gizani, na akimaliza kula hunawa uso. Kwamba hujibiringisha kwenye nyasi ili akauke, maana manyoya yakishika uchafu baridi humwingia. Kwamba jike huzaa mtoto mmoja hadi watatu, na huwafundisha kuogelea kwa kuwasukuma, kwa sababu watoto wa fisi maji wanaogopa maji. Hilo la mwisho alilisimulia kwenye kila harusi aliyopewa nafasi ya kusema, na mabibi harusi wote walilifurahia.

Zaidi ya yote alijua vinyesi vyao. Mniwie radhi, ila bila hayo wasifu huu hauna maana. Fisi maji huonekana kwa nadra, hivyo anayemfuatilia husoma anachokiacha juu ya mawe: magamba ya kaa, miiba ya samaki, mifupa ya vyura. Marehemu aliweza kukwambia mnyama alipita lini, alikula nini, na mto una hali gani.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1981, na wifi yangu, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu yake alimwamsha mapema akamwambia avae viatu vya kutembelea, anataka kumwonyesha kitu. Wifi anaisimulia mwenyewe vizuri kuliko mimi. "Nilijua napelekwa matembezi. Nikajipaka mafuta, nikavaa na hereni. Kufika mtoni ananikalisha kwenye jiwe, ananionyesha mavi. Tena ananiambia, angalia jinsi yanavyong'aa." Alikaa naye miaka arobaini, kwa hiyo nadhani alisamehe. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume ambaye ni fundi umeme na wa kike ambaye ni muuguzi. Marehemu alikuwa baba mpole. Wanawe hawakuwahi kupigwa, ila walipimwa urefu kila mwezi kwenye mlango wa jikoni.

Sasa nafika kwenye mashimo. Kuanzia mwaka 2006 mto ulianza kuingiliwa. Matete yalichomwa ili watu wapate pa kulima, wachimba mchanga wakaja na malori, na ng'ambo wakachimba mabwawa ya kufugia samaki, na wenye mabwawa hayo walimchukia fisi maji kama mwizi. Wanunuzi wa ngozi nao walikuwepo. Marehemu aliona kwamba bila sheria hatabaki hata mnyama mmoja. Kati ya daraja na bwawa kubwa lililoko chini ya mto, kilomita nane, alikuwa amehesabu wanyama kumi na mmoja na mashimo yao kumi na tisa, mengine chini ya mizizi, mengine ndani ya matete. Mwaka 2009 akajaza fomu ya kuomba kipande hicho kiwe eneo tengefu.

Fomu ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Mahali hasa." Marehemu alijaza: "Kati ya daraja na bwawa." Ikarudishwa ikiwa na maelezo kwamba mahali pafafanuliwe. Akairudisha vilevile. Ikarejeshwa tena. Mimi wakati huo nilikuwa mhazili wa mkuu wa ofisi, na fomu zote zilipita mezani kwangu. Nilimwambia, "Kaka, wape wanachotaka, yaishe."

Akasema, "Mahali hasa hapaandikwi."

"Lakini wewe unapajua hadi kwa hatua."

"Ndiyo maana nasema hapaandikwi."

Alikuwa mtu anayepima kila kitu, na jambo hili moja alilipima akaona lisisemwe. Nilipaswa kuelewa. Nilidhani ni ukaidi tu. Miaka ishirini na nane nimechapa barua za ofisi ile, nikijua kwamba ombi huanguka kwa sababu ya kisanduku kimoja kilichoachwa wazi, na sikuwa tayari ombi la kaka yangu lianguke kijinga namna hiyo. Ijumaa moja ya Agosti 2010 alipoacha daftari lake kwangu nichape tarakimu za maji, nilifungua kurasa za nyuma. Mashimo yote kumi na tisa yalikuwemo, kila moja na hatua zake kutoka kwenye kipimo. Nilijua hatua yake ni sentimita sabini na sita, maana alikuwa ametuambia mara elfu. Nikazigeuza kuwa mita. Nikachapa orodha safi, ukurasa mmoja na nusu, bila kosa hata moja, nikaiambatisha kwenye fomu. Sikumwambia. Nilitaka iwe zawadi.

Ombi likapokelewa ndani ya wiki moja. Marehemu alikuja na soda mbili mezani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wageni, akacheka. Alidhani wamelainika.

Sheria ilitaka ombi likishapokelewa libandikwe kwenye ubao wa matangazo kwa siku thelathini, ili wananchi watoe maoni. Tarehe 1 Septemba 2010 nililibandika mimi mwenyewe, kwenye ubao wa nje karibu na mlango wa masijala, kwa pini nne, moja kila kona. Marehemu hakuwa na kawaida ya kusoma ubao huo. Yeye aliingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya matope ya buti zake.

Siku ya tatu walikuja wanaume wawili. Walisimama ubaoni muda mrefu, mmoja akinakili nyuma ya pakiti ya sigara. Kalamu yake iligoma. Akaja dirishani kwangu, mtu mstaarabu kabisa.

"Mama, samahani, naomba kuazima kalamu."

Nikampa. Baada ya muda akarudi.

"Na hizi mita mia mbili arobaini, mama, zinahesabiwa kutoka darajani au kutoka kwenye kipimo?"

"Kutoka kwenye kipimo," nikasema. "Kushuka chini. Upande wa kushoto."

Akanishukuru na kunirudishia kalamu. Nilifurahi kwamba wananchi wanaanza kujali.

Jumatano, tarehe 22 Septemba, marehemu alikwenda kusoma kipimo kama kawaida, na alipopita shimo la saba akamkuta jike na watoto wawili ndani ya matete. Walikuwa wamechunwa. Akafuata ukingo. Siku ile na siku zilizofuata alipata mizoga saba, na mashimo yote kumi na tisa yalikuwa yamefukuliwa, moja baada ya jingine, kwa mpangilio. Hilo ndilo lililomfungua macho. Mtu anayebahatisha hafukui kwa mpangilio.

Ijumaa, saa nne asubuhi, aliingia ofisini kwa mlango wa mbele na buti zake, matope kwenye vigae. Alikwenda moja kwa moja ubaoni. Nilimwona anasoma. Chini kabisa ya kila ukurasa wa ofisi huwa kuna herufi za aliyechapa, na herufi zilikuwa zangu. Akaja dirishani.

"Kurasa za nyuma za daftari langu ulipewa na nani?"

"Nilikuwa nakusaidia, kaka."

Alinitazama kama anavyotazama kipimo, akisubiri maji yatulie ili asome vizuri. Kisha akalibana daftari lake kwapani akaondoka. Kuanzia Ijumaa iliyofuata tarakimu zake alizileta zimekwishachapwa. Alikuwa amemlipa mtu wa steshenari.

Ombi lilikubaliwa mwezi Mei 2011. Mkuu wa ofisi, ambaye leo ametuheshimu kwa kukaa safu ya mbele, alizindua bango kubwa kando ya daraja lililosema wanyama wasisumbuliwe. Alimwomba marehemu ashike utepe. Marehemu akauliza, mbele ya wageni, "Wanyama gani?" Kwa hilo aliandikiwa barua ya onyo. Barua hiyo niliichapa mimi, na herufi zangu zimo. Wale wanaume wawili hawakutafutwa na mtu yeyote. Nilikwenda kituoni kueleza sura zao, nikaambiwa niandike maelezo, nikaandika, na huo ukawa mwisho.

Marehemu alistaafu kwa heshima tarehe 14 Machi 2013. Aliendelea kutembea zile kilomita nane kila Jumamosi akitafuta kinyesi juu ya mawe, na kila Jumamosi aliandika urefu wa maji, kisha "Hakuna." Madaftari hayo yapo. Mnaweza kufungua ukurasa wowote.

Mimi nami nilikuwa nimestaafu na kuhamia vyumba vya nyuma vya ua ule ule, maana nyumba ilikuwa ya wazazi wetu sote. Tulikula pamoja Jumapili. Alikuwa anasema, "Mama watoto, mwambie aliyekaa hapo anisogezee chumvi." Nami nasema, "Wifi, mwambie chumvi iko mbele ya pua yake." Wifi anasema, "Mimi si posta," na kuondoka na sahani yake. Watoto walicheka, na mimi nilicheka pia mwaka wa kwanza. Niliomba msamaha mara tatu. Mara ya kwanza kwa barua, aliyoirudisha chini ya mlango wangu bila kuifungua. Mara ya pili nilimtuma mjomba, akatoka kwa kaka akiwa amesimuliwa habari za kaa saa nzima. Mara ya tatu nilipiga magoti mlangoni kwake, mtu mzima wa miaka sitini, na yeye alinipisha kwa upole kama anavyopishwa mtu aliyesimama njiani. Hakuwa na chuki ya kelele. Ningependelea kelele.

Mwezi Agosti 2020 figo zake ziligundulika kuwa zimechoka, na akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Magoti ya wifi hayaruhusu ngazi za hospitali, hivyo aliyemsindikiza ni mimi. Muda wa saa nne kila kikao, kitanda cha dirishani, yeye akisoma gazeti na mimi nikifuma. Wauguzi walitusifu kwamba ni ndugu tuliotulia.

Januari 2022 hakuweza tena kutembea. Jumamosi ya kwanza nilichukua buti zake, nikajaza matambara kwenye vidole, nikaenda mtoni na daftari. Jioni nililiweka kitandani kwake. Kesho yake nikakuta amesahihisha kwa penseli. Nilikuwa nimeandika "1.4," naye ameandika pembeni, "1.4 na ngapi?" Nikaenda tena, na tena. Nilijiambia kwamba nikimletea ushahidi wa mnyama mmoja tu, hata mpita njia kutoka mto mwingine, atalazimika kunigeukia.

Jumamosi, tarehe 14 Mei, nilikiona kinyesi. Kilikuwa juu ya jiwe bapa, karibu na pale lilipokuwa shimo la saba, kibichi, kimejaa magamba ya kaa, kinang'aa. Nilikaa chini nikalia peke yangu kama mtoto. Nilikitia kwenye kopo la majarini, nikapanda gari na buti zile zile hadi hospitali, maana alikuwa amelazwa, na kuliweka kopo juu ya meza yake ya chakula.

Aliomba gazeti litandikwe. Alilimwaga, akanusa, akaanza kupasua kwa kucha taratibu, akiweka magamba huku na mifupa huku. Wifi alikuwepo. Ilichukua muda mrefu. Nilikuwa naangalia uso wake tu. Mwisho akavuta uzi mwembamba wa kijivu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akanigeukia mimi.

"Haya ni manyoya ya panya," alisema. "Hiki ni cha nguchiro."

Nikauliza, "Una hakika?"

"Nenda kaangalie nyayo. Zitakuwa na kucha."

Kisha akafuta vidole na kugeukia ukutani. Nilisubiri aongeze. Nilisubiri hadi kengele ya wageni kutoka. Wifi amekuwa akiniambia kwamba angalau alinisemesha, na kwamba kwa mtu kama yeye huo ulikuwa msamaha. Wifi ni mtu mwema, na katika hili anajidanganya ili nipate usingizi. Nilimjua kaka yangu miaka sitini na tano. Alikuwa anasahihisha kosa, kwa sababu hakuweza kuona kosa akaliacha.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kuangalia. Kwenye tope kando ya jiwe nyayo zilikuwa na kucha. Niliandika: "Nguchiro. Fisi maji hakuna." Akaisoma, akaweka alama ya vema.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 9 Juni 2022, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliotupikia, na wote mliokuja kutoka mbali. Idara imeleta shada la maua, nalo tunalishukuru.

Ameacha mjane mmoja, watoto wawili, wajukuu wanne, na madaftari arobaini na nane. Ameacha pia dada mmoja, ambaye yeye marehemu hakumsamehe.

Kaka, pumzika kwa amani. Sikuombi tena.